Kompyuta ya Bhabatosh Yakataa Kufeli

Alhamisi, 12 Septemba

Daktari amekuja. Moyo umechakaa, anasema. Tuhesabu wiki, tusihesabu miezi. Nimemshukuru. Nilifundisha fizikia miaka thelathini na sita. Napenda mtu anayetoa vipimo.

Muda hakuna, basi naandika ukweli. Mwaka 1961 nilighushi karatasi ya falaki ya dada yangu Latika. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Bhabatosh Sanyal, mwalimu mwenzangu, alikuwa amemposa. Karatasi ilisema Latika alizaliwa saa kumi na dakika arobaini alfajiri. Nikakwangua kwa wembe, nikaandika saa moja kasorobo asubuhi. Mnajimu akalinganisha nyota zao: alama nne kati ya thelathini na sita! Posa ikafa siku hiyohiyo.

Kwa nini? Bhabatosh alikuwa amepewa ukuu wa idara ya sayansi, cheo nilichokingoja mimi. Tena mama alikuwa ameshafariki. Nani angenipikia samaki?

Latika hakuolewa. Bhabatosh hakuoa. Samaki napikiwa mpaka leo.

Sasa balaa. Bhabatosh alikufa Julai. Leo mpwa wake kaleta kompyuta: marehemu aliagiza apewe Latika. Na diski moja, bado imo kwenye nailoni yake. Programu ya kulinganisha nyota za wachumba. Latika kasema anataka kuziona zile alama nne kwa macho yake, mara moja tu, kisha aache kuziwaza.

Nimesoma jalada la diski kwa lenzi. Chini kabisa: programu hii husahihisha yenyewe saa ya kuzaliwa iliyokosewa.

Nimelazimika kukaa.

Ijumaa, 13 Septemba

Tumaini! Ruma Poddar, yule mama mwenye duka la kutengeneza kompyuta pale kona, kakataa kuisakinisha hivihivi. Kasema mashine hupimwa kwanza. Kumbukumbu inatosha? Diski ina nafasi? Kichakataji kina nguvu? Ukibandika programu kwenye mashine isiyoiweza, inakwama katikati, na vilivyomo ndani vinaharibika. “Ni kama posa, Babu,” kasema. “Unauliza kwanza, ndiyo unapika pilau.”

Latika kacheka. Mimi sikucheka.

Atapima kesho. Mahitaji yameandikwa kwenye jalada: kumbukumbu gigabaiti 4. Latika alipokwenda kuoga nimevua nailoni, nimechukua kalamu yangu ya wino. 4 sasa ni 14. Mkono unatetemeka kwa kijiko, kwa kalamu hautetemeki. Kazi safi.

Mashine iko mezani, imezimwa. Mara mbili nimesikia feni yake ikipumua. Pumzi fupi, yenye mluzi. Hivyo ndivyo Bhabatosh alivyopumua na pumu yake akipanda ngazi zetu.

Jumamosi, 14 Septemba

Ruma kasoma jalada, kashika kiuno. Kumi na nne? Kauliza kama programu hii inaozesha watu au inarusha roketi. Kachungulia simu yake, mahitaji yote yako kwenye tovuti ya waliotengeneza. Nne. “Viwanda vya siku hizi, Babu, hata kuchapisha hawajui.” Nimekubali kwamba viwanda vimeharibika sana.

Lakini kisha, raha! Kawasha programu yake ndogo ya kupimia. Kumbukumbu gigabaiti 2: alama ya kosa, nyekundu. Nafasi ya diski: vema. Kichakataji: vema kwa shida. Kwa jumla, mashine haifai. Nimeagiza sandesh, vile vitamutamu vya maziwa, za kutosha watu watatu.

Latika hakula. Kakaa ameweka kiganja juu ya mashine kama mtu anayempima mtoto homa. Kauliza kama hakuna dawa. Ruma kasema ipo, ni kipande cha kumbukumbu cha kuchomeka, atakitafuta.

Kwenye karatasi ya vipimo, mstari wa kwanza: Mtumiaji, Bhabatosh. Nimemwambia Ruma alifute jina hilo. Kajaribu. Kasema linakataa, si neno, haliathiri kitu.

Jumatatu, 16 Septemba

Ruma kaleta kipande, kakichomeka, kaenda kuhudumia mteja. Atarudi kesho kupima. Latika alipokuwa sokoni nimefungua sanduku kwa bisibisi, nimetoa kipande kipya na cha zamani pia. Vyote viwili! Nimevifukia kwenye kopo la bisi za mchele. Kompyuta bila kumbukumbu haiwaki. Hiyo ni fizikia.

Kifua kimeniuma saa nzima. Imestahili.

Jioni nimemkumbusha Latika kuwa kesho ni sikukuu ya Vishwakarma, mungu wa vyombo vya kazi. Kesho mashine zote za Kolkata zinapumzika: cherehani, mtambo wa chapa, hata baiskeli. Kuiwasha ni dhambi. Kasema anajua, Kaka, hakuzaliwa jana. Basi nimepata siku nzima. Labda nife ndani yake, mambo yaishe vizuri.

Nataka kitu kimoja tu: nife akiwa bado ananiita Kaka kwa sauti ileile.

Jumanne, 17 Septemba

Sikukuu. Paa zote zimejaa watu na tiara, kila uzi ukikatwa mtaa mzima unapiga kelele. Latika kaipaka kompyuta sinduri, ile poda nyekundu ya ibada, kwenye paji, kaivisha maua ya njano. Ilionekana kama bwana harusi mfupi. Waya wake nilikuwa nimeuzungusha vizuri na kuufunga kwa kamba.

Saa saba mchana tunakula khichuri, mchele na dengu. Skrini ikawaka.

Naandika nilichoona. Waya umefungwa kwa kamba. Kumbukumbu zimo kwenye kopo, nilikwenda nikapekua bisi kwa vidole, zilikuwemo, mbili. Na skrini ikajipima yenyewe, mstari kwa mstari, polepole, kwa ile pumzi yenye mluzi. Kumbukumbu: vema. Nafasi: vema. Kichakataji: vema. Mtumiaji: Bhabatosh, vema.

Latika hakushtuka. Kaiambia mashine, kwa sauti ya chini, kwamba leo apumzike, ni sikukuu. Skrini ikazimika.

Mimi nilishtuka kwa niaba ya wote wawili.

Jumatano, 18 Septemba

Ruma kasakinisha. Dakika kumi na mbili, haikukwama hata mara moja. Kasema hajaona mashine kuukuu yenye hamu kama hii. Vipande vya kumbukumbu nilivirudisha alfajiri, kwa aibu ya kisayansi.

Latika kavaa miwani, kafungua karatasi yake ya falaki, kaingiza saa iliyoandikwa. Saa moja kasorobo asubuhi. Kisha ya Bhabatosh, anaijua kwa moyo. Kabonyeza.

Nne kati ya thelathini na sita.

Kasema, “Basi.” Kakunja karatasi, kaenda kuosha mchele. Kwa mgongo nilimwona amepungua, kama nguo iliyotolewa mtu ndani.

Lakini nimepona! Nimekula sandesh mbili zilizobaki. Nilikuwa nimeogopa kivuli.

Alhamisi, 19 Septemba

Asubuhi kaniita. Skrini inawaka. Hakuna aliyeigusa. Saa iliyoingizwa jana imefutwa, mahali pake pameandikwa: saa kumi na dakika arobaini alfajiri. Si arobaini na moja. Arobaini. Alama thelathini na tatu.

Kaniuliza hii ni nini, Kaka.

Nimemwambia kompyuta ni kuukuu, haitimizi mahitaji, inapayuka. Kaandika tena saa moja kasorobo mbele yangu. Tumesubiri. Tarakimu zikageuka zenyewe, moja moja.

Kamwita Ruma. Ruma kapima tena kuanzia mwanzo. Vema, vema, vema, vema. “Mashine haina ugonjwa, Bibi. Hebu tuione hiyo karatasi.”

Wakaisimamisha dirishani, kwenye jua. Miaka hamsini na miwili hakuna aliyefikiria kuitazama kwa nyuma. Pale nilipokwangua, nuru ilipita kama kwenye tundu la ufunguo. Ruma kaangalia karatasi, kaniangalia mimi, kakumbuka ana mteja.

Latika kauliza mwandiko huu ni wa nani. Nimesema mnajimu alikuwa mzee sana, macho yake. Kauliza tena, neno kwa neno, sauti ileile. Nimesema wangu.

Kafunga dirisha.

Jumamosi, 21 Septemba

Chakula naletewa kwa wakati. Samaki ametolewa miiba kama kawaida. Lakini haniiti Kaka. Ananiita Mwalimu. “Mwalimu, dawa yako.” “Mwalimu, maji ya kuoga tayari.” Hivyo ndivyo anavyowaita wageni.

Mashine kaihamishia chumbani kwake. Kupitia ukutani nasikia kibodi, kimya, kisha Latika anacheka, kisha kibodi tena, na Latika ameshaacha kucheka lakini kibodi inaendelea. Sandali zake ziko mbili nje ya mlango. Jana pembeni yazo nimeona alama za maji za miguu mikubwa, zinaingia, hazitoki.

Nimelala nikifikiri, na nimepata ufumbuzi. Mpumbavu nilikuwa, kumbe tatizo ni dogo! Saa ya Latika haibadiliki tena. Kinachomuumiza ni zile thelathini na tatu. Zikishuka, ataona ndoa hiyo ingevunjika kwa vyovyote, kwamba nilimwokoa, na ataniita Kaka. Na programu imesahihisha saa ya Latika tu. Ya Bhabatosh hakuna aliyeichunguza.

Leo saa nne asubuhi Latika kaenda hekaluni. Nimejikokota kwa fimbo, daftari hili kwapani, nimeingia. Skrini ilikuwa inawaka, feni ikipumua taratibu, kama mtu anayesubiri mgeni. Nimepunguza saa ya kuzaliwa ya Bhabatosh kwa robo saa. Robo tu! Alama zikaporomoka mpaka sita.

Skrini ikauliza: Una hakika?

Nikabonyeza Ndiyo.

Ikauliza tena. Nimeshabonyeza mara tisa, sandali za Latika nazisikia ngazini, na bado inauliza.