Mahari Tunatoa Sisi

Agosti 4, Jumatatu
Nimeandika tangazo! Binti yangu Générose ana karakana ya vitanda hapa Gisozi, akataka Kiswahili cha kuwavuta wateja wa Kongo na Tanzania. Nani mwingine, kama si mimi niliyekulia Bujumbura? Shule niliiacha mapema, lakini mdomo haukuacha. Maharusi hununua kitanda, hawana pa kukiweka hadi harusi. Sisi tuna stoo. Nikaandika: «Nunua kitanda cha harusi, mahari tunatoa sisi.» Fupi, tamu. Liko Instagram tayari.

Agosti 5, Jumanne
Mlango umejaa vijana! Mmoja, Gratien, ameshanunua kitanda na kumwambia baba mkwe kwamba ng'ombe wa mahari analetwa na fundi. Akaniuliza, Muzehe, ng'ombe wetu yuko wapi? Nikamwonyesha stoo. Akachungulia sana, akauliza kama amelala.
Kumbe mahali na mahari ni vitu viwili. Herufi moja tu! Huku kwetu r na l huazimana kama majirani na chumvi.

Agosti 6, Jumatano
Mtandaoni tunaitwa matapeli. Oda zinafutwa. Clovis, fundi wa ng'ambo ya barabara, kabandika tangazo lake: «Vitanda tu. Ng'ombe hakuna.» Mshenzi! Nimecheka kidogo.
Générose anataka kuomba radhi. Nikamwambia ukikiri tumekwisha, dawa ni sifa. Nikafungua akaunti ya siri, nikawa Mama Tausi wa Mwanza: «Kitanda chao nimerara vizuri sana.» Papo hapo mtu akauliza, Mama Tausi, hata Mwanza mnarara? Mwingine: «Muzehe Libère, toka humo!»
Wamenijuaje?

Agosti 7, Alhamisi
Mambo mabaya. Baba mkwe amesimamisha harusi ya Gratien, na mtandao mzima unatulaumu. Générose kaketi kwenye kitanda kisichopakwa rangi, akajirekodi akisema: «Kosa ni letu. Ng'ombe hakuna. Aliyedanganyika arudishiwe pesa yake. Na Mama Tausi ni baba yangu.»
Eti «baba yangu»! Mbele ya dunia!
Kisha akanikokota hadi kwa baba mkwe. Mzee yule akaniamuru nitamke «mahali». Nikatamka. Akasema rudia. Nikarudia. Mke wake akatoka nje kucheka. Mzee mwenyewe akajaribu, naye ikamtoka «mahari». Basi, harusi ipo.

Agosti 9, Jumamosi
Ajabu hii. Video imezunguka kote. Générose anamjibu kila mtu, hata wa matusi, na waliotuita matapeli sasa wanauliza bei. Gratien kakiacha kitanda chake stoo, bure, kama nilivyokusudia. Nimewahoji wateja, kwa nini mmekuja? Wote: mlisema ukweli.
Nimewaza mchana kutwa. Clovis ana misumari mizuri kuliko yetu, wateja hana. Maskini, hajawahi kukosea!
Samahani ya Jumatatu ijayo nimeshaiandika. Nzuri mno, inaliza. Limebaki kosa tu.