Mwanamume Haolewi

Wenzangu wa Handeni, leo nimeadhirika. Nimeadhirika mchana kweupe, mbele ya watu, nikiwa nimevaa kanzu iliyopigwa pasi. Nawaandikia haraka kabla hamjasikia kwa wengine, maana kesho wachukuzi wanaondoka hapa Korogwe kuja huko kwetu, na wachukuzi hawabebi mizigo tu.

Mnajua hali yangu. Tangu nimwoe Agnesi nakaa kwa baba mkwe, Mzee Semboja. Nalala kwake, nakula kwake, nalima shamba lake. Kina mama wanaochota maji mtoni wananiita "mwali wa Mzee Semboja". Nikipita wanaulizana kama nimeshafundwa. (Nacheka nao. Nikifika nyumbani nafukuza kuku wasio na kosa.) Agnesi naye amechoka kupika jiko moja na mama yake, ambaye huonja kila chungu kisha akaguna.

Basi misheni imejenga shule ndogo upande wa Handeni. Shule ina nyumba ya mwalimu. Paa la bati! Mlango una kufuli! Mwalimu atafundisha Kiingereza. Najua mtauliza: nchi ni ya Wadachi, bendera ya bomani ni ya Wadachi, gari la moshi ni la Wadachi, sasa Kiingereza cha nini? Waulizeni wamisheni wetu, wao ndio Waingereza. Mimi nilichotaka ni bati.

Masharti yalikuwa mawili. Mwalimu ajue Kiingereza, na awe na mke. Sharti la mke lilikuja baada ya kapera mmoja kupewa nyumba kama hiyo akaigeuza uwanja wa ngoma. Nikaona hapa pangu. Kiingereza ninacho, mke ninaye.

Bibi Mwalimu, yule mama Mwingereza anayetufundisha, akaanza kuninoa. Kazi yetu ilikuwa maneno ya kutendwa na vineno vinavyoyafuata. Sisi tuna "na" yetu moja na inatutosha. Unaumwa na nyoka, unanyeshewa na mvua, unafukuzwa na mbwa, unaolewa na mume, yote ni "na". Kwa Mwingereza kila neno lina kineno chake cha ndoa, na ukilipatia cha jirani ni ugomvi. Meza imetengenezwa kwa mbao, ni "made of". Imefunikwa kwa kitambaa, ni "covered with". Nikameza vyote. Jana tukakwama kwenye kimoja.

"Stefano," akasema, "sema: I am married to Agnes."

"Maana yake nini, Bibi?"

"Kwamba una mke, anaitwa Agnesi."

Nikalipima lile neno. "Made", imetengenezwa. "Covered", imefunikwa. Na "married" je? Si ameolewa hiyo! Nikamwambia kwa heshima zote, "Bibi, mwanamume haolewi. Mwanamume anaoa."

"Kwa Kiingereza wote wawili ni married to."

"Basi huko kwenu mna shida, Bibi."

Akanitoa darasani. (Nilitoka kifua mbele. Mjinga hakosi kifua.)

Leo sasa. Padre mkubwa kashuka kwenye gari la moshi kutoka Tanga, kaja kunipima. Ni mgeni kabisa nchini, Kiswahili chake ni "jambo" na "maji" basi. Akaketi darasani nyuma ya meza. Wazee wakaitwa kushuhudia, baba mkwe akiwa mbele kabisa na fimbo yake. Kina mama wa mtoni wakajaa dirishani, Agnesi na mama yake katikati yao. Mkalimani alikuwa Danieli, rafiki yangu niliyesoma naye. (Rafiki! Endeleeni kusoma.)

Padre akaniuliza nimezaliwa wapi.

"I was born in Handeni, sir."

Akaniuliza meza imefunikwa na nini.

"It is covered with cloth, sir."

Danieli akitafsiri, wazee wakiguna kwa kuridhika. Baba mkwe akamgusa jirani yake kwa kiwiko. "Mkwe wangu huyo." Mimi tayari nilikuwa nasikia mvua ikipiga kwenye bati langu.

Ndipo Padre akatabasamu, akauliza, "And are you married?"

Jamani! Swali la bure kabisa. Mtu mwenye akili angejibu "yes" akaenda zake kula. Mimi nilisikia: na wewe, umeolewa? Umeolewa, mbele ya baba mkwe! Mbele ya wale kina mama! Damu ikanipanda kichwani.

"No, sir!" nikajibu kwa sauti. "I am not married!"

Danieli akanitazama. Akawageukia wazee. "Anasema hana mke."

Fimbo ya baba mkwe ikaanguka sakafuni. Nikajua nimeharibu, nikataka kutengeneza upesi. Nikafikiri hivi: mimi nimeoa, kwa hiyo mwenzangu ndiye ameolewa, ameolewa na mimi, na "na" ni "by". Hesabu safi. Nikasimama wima.

"My wife is married by me, sir!"

Padre akavua miwani. (Sasa nimeshaelezwa: hapo "by" ni ya anayefungisha ndoa. Wakati ule nilikuwa peke yangu na ujinga wangu.) Akaniuliza kitu kirefu, na ndani yake nikadaka neno "priest", yaani padre. Nikadhani anataka kujua kama ndoa yetu ni ya kanisani.

"Yes, sir!" nikasema. "Priest!"

Akauliza tena, taratibu, kwa sauti ya kumhurumia mgonjwa. Danieli akakohoa. "Wazee wangu, huyu anasema yeye hajaoa. Ila mkewe, yeye mwenyewe ndiye kamfungisha ndoa, kama padre. Padre anauliza: kamwozesha kwa nani?"

Baba mkwe akasimama. "Kamwozesha nani? Agnesi wangu? Asubuhi ya leo kanipa uji nyumbani kwangu!"

"Tulia, mzee."

"Nitulie vipi? Binti yangu nilimwoza mara moja tu! Hiyo mahari ya pili kala nani?"

Dirishani watu wakaanza kushikana mabega. Bibi Mwalimu kwenye kona alikuwa akinichongolea mdomo, "to, to, to", nami nikadhani anapuliza jino bovu. Padre akafunga kalamu yake. Akasema jambo kwa masikitiko, Danieli akatuletea.

"Anasema pole. Nyumba ni ya mtu mwenye ndoa."

Nikahisi bati linang'olewa juu ya kichwa changu. Nikawaza mwaka mwingine wa kwenda msalani kwa kubisha hodi kwa wakwe. Nilitaka kulia, nasema kweli. Hapo Agnesi akapenyeza kichwa dirishani.

"Stefano! Lisemeni... liseme hilo neno!" Hasira ilikuwa imemvuruga ulimi.

"Neno gani?"

"Hilo la kuolewa! Olewa, mume wangu, tuhame! Mimi na jiko la mama basi!"

(Mama yake alikuwa kasimama ubavuni pake. Hilo ni lake mwenyewe Agnesi, mimi yangu yananitosha.)

Nikafumba macho. Nikapiga kelele hadi popo wa darini wakatoka.

"I am married! I am married to Agnes! Married to! Married to!"

Uso wa Padre ukakunjuka. Danieli angeweza kusema "ameoa". Neno lipo, fupi, halina ushuru. Badala yake akasafisha koo, akawageukia wazee, akatangaza taratibu kama anasoma amri ya akida.

"Sasa anakiri. Ameolewa."

Mzee mmoja wa nyuma, asiyesikia vizuri, akauliza, "Ameolewa na nani?"

"Na Agnesi."

Baba mkwe akainama, akaokota fimbo yake, akaketi bila haraka.

"Sasa hiyo nayo ni habari?" akasema. "Hilo tunalijua siku zote."

Jamani, kicheko! Kina mama walidondoka mmoja mmoja kutoka dirishani, tukawa tunasikia tu vilio vyao huko nje. Danieli alijifuta machozi kwa mkono wa kanzu ya misheni. Bibi Mwalimu aliuficha uso nyuma ya kitabu, na kitabu kikawa kinatikisika. Padre naye akacheka, hajui anacheka nini, akanishika mkono, akaandika jina langu. Nyumba nimepata.

Jioni hii Agnesi anafunga vyungu huku anaimba. Mama mkwe hasemi naye. Mimi nimeitwa barazani kwa baba mkwe, nikamkuta na wazee wenzake wawili wameketi kwa adabu. Nikadhani anataka kuniomba radhi. Akaniwekea mkono kichwani, akazungumza kwa upole, ile sauti ambayo baba humwekea binti siku ya kumtoa nyumbani.

"Mwanangu, nenda salama. Mheshimu mwenzio. Ndoa ni kuvumilia. Ila akikupiga, usikae na uchungu, rudi kwa baba yako."

Wazee wakaitikia "amina". Nikasema, "Ndiyo, baba." Ningesema nini?

Jumamosi tutakuwa huko na mizigo yetu. Naombeni msicheke, wenzangu. Na atakayetupokea kwa vigelegele, ajue kabisa kwamba mwanawe simfundishi.