Tangi Langu la Ukungu

Jumatatu, 14 Julai 2025

Nimejiponza. Madam Jerono, meneja wa ushirika wetu wa maziwa hapa Kitale, anataka tangi la samaki kwa mapokezi ya tawi jipya la Bungoma. Kipkemei, karani mwenzangu, akasema ataleta la kioo kutoka Eldoret. Madam akamsifu. Hapo nikajisikia nikisema kwamba mimi huyatengeneza nyumbani, kwa akriliki, plastiki inayong'aa kuliko kioo. Sijawahi kutengeneza hata kigoda! Madam akaamua kila mmoja alete lake Bungoma Ijumaa, siku ya kufungua tawi mbele ya wageni. Mwenye tangi zuri atasimamia Bungoma, nyumbani kwetu. Mwingine atapelekwa Kapsokwony, kutembelea wakulima kwa pikipiki. Barabara ile imesimama kama ngazi. Mimi naogopa pikipiki hata ikiwa imeegeshwa.

Jumanne, 15 Julai

Nimetazama video. Rahisi kabisa! Nimenunua bamba la akriliki na kulikatia kitandani. Nimekata na shuka. Senge Agneta, shangazi yangu ninayeishi kwake, akauliza kama natengeneza jeneza la kuku. Gundi ya akriliki ni nyepesi kama maji. Unaipitisha kwa sindano, inajinywea yenyewe kwenye kiungo. Nikaigusa kabla haijakauka. Alama ya kidole gumba imebaki pale milele.

Jumatano, 16 Julai

Nimejaza maji. Halivuji! Nikichungulia, naisoma kalenda ya kanisa upande wa pili, mpaka tarehe. Maskini Kipkemei. Jioni nimejizoeza sahihi ya msimamizi.

Alhamisi, 17 Julai

Nimekwisha. Nikiwa kazini, Senge amelisugua tangi kwa jivu na waya wa sufuria, ndani na nje, kama anavyosugua vyombo wageni wakija. Alisema hawezi kuniacha niende Bungoma na kitu chenye alama ya kidole, watu wa kwetu waseme alinilea vibaya. "Si sasa kimetakata?" Kimekuwa cheupe kama uji wa maziwa! Nimejaribu dawa ya meno, tyubu nzima. Bado ni cheupe, na sasa kinanukia. Senge alisimama mlangoni akingoja shukrani. Nikamshukuru mara mbili. Nimelisuuza, nikatia tilapia watatu hai niliowanunua. Wakatoweka mbele ya macho yangu.

Ijumaa, 18 Julai

USHINDI! Lakini nianze mwanzo.

Matangi yaliwekwa mapokezini, kando kwa kando. Tilapia wa Kipkemei walikuwa wanene, unawaona hadi magamba. Akaniuliza mbele ya wageni, ati nimeleta maziwa ya mala? Wakacheka. Madam akaandika kitu daftarini, na hilo ndilo linalotisha.

Tukatoka uani kwa maombi. Pasta hakuwa na haraka. Huku nyuma Nasike, mpishi tuliyemkodi, akapita mapokezini na karai. Akakuta samaki hai, wanene, siku ya wageni. Akawabeba wote jikoni. Kwenye tangi langu hakuona kitu.

Chakula kikaja: ugali na samaki. Kipkemei alikula wawili. Akasema samaki wa Bungoma ni watamu bana, akaomba aongezewe mchuzi.

Kisha Madam akawaongoza wageni kuyaona matangi. La kioo lilikuwa na maji tu. Nasike akaitwa, akashangaa kweli: "Kwani walikuwa wa kuangalia? Samaki anaangaliwa aje na watu wako na njaa?" Kipkemei akashika tumbo.

Ndani ya langu, vivuli vitatu vilipita polepole. Madam akainama. Nikashikilia meza. Akasema ni kama Mlima Elgon asubuhi, kabla ukungu haujapanda. Mzee Wakoli, mkulima wa Sirisia, akauliza ukungu huo nimeutiaje. Nikamjibu kwamba hiyo ni siri ya fundi. Makofi! Bungoma ni yangu! Kipkemei ndiye wa Kapsokwony.

Jumamosi, 19 Julai

Madam amepiga simu. Kabla sijaanza Bungoma, anataka apelekwe Kapsokwony amtambulishe Kipkemei kwa wakulima. Kumenyesha na gari halifiki. Akauliza kama najua kuendesha pikipiki. Nilikusudia kusema hapana. Nikacheka kidogo, nikamwambia nimeziendesha tangu shule ya msingi, tena milimani. Akafurahi sana. Pikipiki ya ofisi imeshaletwa uani kwa Senge. Jumatatu asubuhi nitambeba Madam nyuma.

Sina wasiwasi. Nimeshapata video.