Swichi ya Breki na Gari la Baba Mkwe

Jumatano, 4 Juni

Baba mkwe macho yamechoka. Gari lake atampa mkwe mmoja kati ya wawili: mimi, au mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu, mtu anayepiga pasi hata soksi. Ijumaa twende wote tumzungushe mtaani, aone uendeshaji wetu. Haoni, lakini ndivyo alivyosema.

Nina mpango. Gari ni la otomatiki. Gia haitoki kwenye P, ile ya kuegesha, mpaka ukanyage breki, na juu ya pedeli kuna kiswichi kinachopeleka habari hiyo. Ukichomoa plagi yake, gia inagoma. Mwanyumba ataaibika, nitakuja mimi, nitachomeka kimyakimya, nitaitwa fundi. Akili nywele, kila mtu ana zake. Mimi nina kipara, ila zangu zimeota kwa ndani.

Alhamisi, 5 Juni

Nimeenda kwa wakwe, eti kusalimia. Nikajipenyeza chini ya usukani, kichwa kwenye pedeli, miguu nje. Mama mkwe akapita, akaiuliza miguu kama haijambo. Kwa hofu nikaitikia marahaba. Kwa mama mkwe! Nikamwambia nafuta vumbi.

Plagi ilikuwa ngumu, nikaing'oa kwa bisibisi. Ikatoka cheche moja, ndogo tu. Sikuijali.

Ijumaa, 6 Juni

Mwanyumba akaanza. Akakanyaga breki, akavuta gia. Ng'o! Moyo wangu ukacheza ngoma. Nikawaomba wanipishe, kwa upole wa daktari. Nikainama, nikachomeka plagi, nikakaa, nikakanyaga, nikavuta.

Ng'o.

Nikavuta kwa mikono miwili. Jasho! Nikatangaza kwamba giaboksi imekufa. Baba mkwe akasema, kwa sauti ya chini kabisa, basi liuzwe chuma chakavu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama mkwe, aliyekuwa nyuma ya gari, akasema mbona taa za breki nazo haziwaki. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba taa ni taa na gia ni gia. Mwanyumba akainama chini ya usukani. Akafungua kisanduku cha fyuzi. Fyuzi ya taa za breki imeungua, na kumbe ndiyo hiyo hiyo inayolisha umeme ile swichi. Cheche yangu! Akaweka nyingine. Taa zikawaka, gia ikatoka bila hata kuguna.

Akauliza nani alichokonoa waya. Mama mkwe akakumbuka miguu. Ufunguo akapewa mwanyumba.

Jumamosi, 7 Juni

Mke wangu ameninunia tangu jana. Leo kasema, bila kunitazama, kwamba baba alishaamua zamani gari liwe letu, maana mwanyumba analo lake. Huko kuzungushwa mtaani alitaka tu kupunga upepo na wakwe zake wote wawili. Imeniuma, sifichi.

Lakini nimefikiri. Mwanyumba sasa ana magari mawili na ua mdogo. Lile la zamani lazima alitoe kwa mtu. Nalo ni la otomatiki. Kesho nitaenda kumpongeza, nichungulie chini ya pedeli.