Ujumbe wa Kumtetea Jemadari Sarim

Jumapili, 6 Oktoba

Naomba radhi kwa kimya cha wiki saba. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nikiandika maisha ya mtu ambaye hakuzaliwa.

Lubna, binti wa dada yangu, anatengeneza michezo ya kompyuta hapa Amman, ghorofa ya tatu, mtaa wa Jabal al-Weibdeh. Mchezo wake mpya una Jemadari Sarim, mlinzi wa lango la mji wa Tilal, aliyekuwa shujaa kisha akageuka jitu la moshi. Mchezaji humuua mwishoni. Lubna aliniomba niandike alivyoanguka. Nimefundisha sarufi miaka thelathini na minne. Mtu wa kufaa zaidi hakuwapo.

Kurasa sitini tayari. Sarim wangu hana kosa. Alisalitiwa na mwanahistoria wa mji, mfupi, mwenye kipara, apendaye kukatiza watu maneno.

Jumanne, 8 Oktoba

Lubna amesoma. Anasema lugha ni safi, lakini shujaa asiyekosea hawezi kuanguka, anaweza kusukumwa tu. Anataka kosa. Nimemwambia Sarim hana. "Mjomba, hata wewe unalo." Nimemtaka alitaje. Amesema ana mkutano.

Kibaya zaidi, kazi hiyo hiyo amempa pia Munjid, aliyefundisha historia katika shule yetu. Mfupi, mwenye kipara. Ameandika ukurasa mmoja. Kwake, Sarim alimfungulia adui lango kwa sababu karamuni alikalishwa mbali na sinia la nyama. Lubna alicheka mpaka akafuta machozi. Wiki hii ataamua ni Sarim yupi ataingia mchezoni.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimepata njia. Nitampelekea Lubna jaha, ujumbe wa wazee wa kumwombea Sarim wangu. Wazee wanapokwenda kwa pamoja kuomba mchumba, au msamaha wa damu, mkuu wao hupewa kahawa, huweka kikombe chini, na hakigusi mpaka ombi likubaliwe. Akishakunywa, shauri limekwisha. Mwenyeji mkaidi hubaki na kahawa inayopoa na aibu ya ukoo mzima. Lubna amelelewa vizuri. Hatathubutu.

Nimepata wazee wanne. Kinyozi wangu aliuliza marehemu ni nani. Nikamwambia ni jemadari. Akasema Mungu amrehemu, atakuja.

Munjid amepata habari, akapiga simu. Anasema ukurasa wake ni wake, lakini jaha ni jaha, hawezi kuikosa. Tena bila mtu mwenye sauti tutaonekana kama foleni ya mkate, basi aongoze yeye? Nimemjibu kwamba mkuu ni mimi. Nimemruhusu akae mwisho.

Alhamisi, 10 Oktoba

Baada ya Alasiri. Wazee sita wenye majoho katikati ya vijana wenye hedifoni. Lubna alitupokea mlangoni, akatukalisha kwa umri, akamimina kahawa mwenyewe. Nikaweka kikombe mezani, kando ya kibodi. Wenzangu wakaweka. Vijana wakavua hedifoni. Mpaka hapo, kazi safi.

Nilianza na nasaba ya Sarim. Kwenye babu wa tatu kinyozi alikuwa analia. Nikaingia vita vya kusini. Dakika ya arobaini, Tilal imezingirwa, koo likakauka. Nilikuwa katikati ya sentensi ndefu ambayo sikutaka kuiacha ikining'inia. Mkono ukaenda wenyewe.

Nikanywa.

Kisha Munjid akanyanyua chake. "Mkuu kanywa, jamani. Tumeridhika." Akanywa, akaomba cha pili. Wakanywa wote. Nilieleza kwamba nilikuwa nasafisha koo tu. Kinyozi akaniinamia: "Abu Nizar, koo gani hilo? Mtu wetu umemzika wewe mwenyewe."

Lubna aliubusu mkono wangu, akasema tumeipa heshima ofisi yake. Midomo ilikuwa inamcheza.

Jumamosi, 12 Oktoba

Lubna amepiga simu. Hakuchukua kurasa zangu, wala ukurasa wa Munjid. Ameandika kisa chake. Sarim aliapa mbele ya mji wote kwamba hatanywa mbele ya watu mpaka adui aondoke. Siku ya arobaini, akiwahutubia askari, akajisahau, akanywa. Askari wakadhani vita vimekwisha. Wakafungua lango.

Anasema ofisi nzima imekipenda. Aliuliza kwa upole kama kitaniumiza. Nimemwambia hakiniumizi, ila ni dhaifu. Hakuna msomaji atakayeamini kwamba mtu mzima, mwenye akili zake, anaweza kusahau jambo kama hilo.

Sasa wanatafuta mtu wa kumpa Sarim sauti mchezoni. Munjid amekwisha kujitolea. Nimewapigia wazee simu: jaha nyingine, Jumanne, mkuu ni mimi. Kinyozi ameuliza mara mbili kama nina hakika. Kosa la safari iliyopita nimelibaini: hotuba ilikuwa fupi mno, hawakuielewa. Hii itakuwa na vita vya kaskazini pia.

Lubna akishaamua, nitaandika.