Ombi la Kuachiwa Mshipa Wangu Unaovuma

Kwa Daktari Bingwa wa Masikio,

Salamu kwako na kwa kisu chako.

Mimi, fundi cherehani wa nyuma ya soko, ndiye mgonjwa mwenye bahati kuliko wote unaowatibu. Wenzangu hununua redio. Mimi nina ngoma ndani ya sikio la kushoto, du-du, du-du, sambamba na moyo, bila betri. Kwa hiyo napinga operesheni ya Alhamisi, kwa sababu hizi:

1. Uliweka kile chombo chako nyuma ya sikio langu ukaisikia mwenyewe, kisha ukaita wanafunzi wanane wasikilize kwa zamu. Burudani mmepata, leo mnataka kuizima! Uungwana gani huo?

2. Ulisema mfupa umelika, mshipa wa damu ukatokeza na kufanya kifuko, na damu inavuma ikizunguka humo. Daktari, mifuko ni kazi yangu! Miaka ishirini na mbili nashona mifuko ya suruali za watu wazito, meneja wa benki akiwemo. Hata maoni hukuniomba.

3. Nilipouliza utatumia uzi gani, ulijibu kwamba utakirudisha kifuko ndani na kukandika saruji ya mifupa. Saruji! Mimi kichwa au ukuta wa choo?

4. Napiga pedali kwa mdundo huo. Nikitoka kupanda ngazi unakimbia, nami nakimbia nao. Sare za kwaya nzima nilimaliza kwa siku mbili. Kwamba mashati matatu yalitoka na mikono miwili ya kushoto, hilo ni la kwaya.

5. Mke wangu hubandika sikio lake juu ya langu ajue kama nimekasirika. Ukiuzima mdundo atajuaje? Ndoa ikivunjika, utanipikia wewe?

Naomba basi jina langu lifutwe kwenye orodha ya Alhamisi. Ikishindikana, nisimamie kazi mwenyewe, nikiwa macho, futi yangu ya kupimia shingoni.

Nisalimie muuguzi anayeniita Baba Maswali, mlinzi wa getini, wale wanafunzi wote wanane, na mzee wa kitanda cha pili. Mwambie suruali yake iko tayari.

Wako mwenye mdundo,
Fundi Suruali

Tanbihi: Mke wangu ameisoma barua hii, akasema, "Baba, acha ujinga, mwambie daktari ukweli." Haya. Nikibonyeza shingo kelele hunyamaza, ndiyo maana miezi tisa nashona kwa mkono mmoja. Jina usilifute. Nywele za nyuma ya sikio nimeshanyoa. Ile habari ya bahati ni uongo mtupu, daktari. Naogopa.