Tosti za Kuitwa Baba

Jumatatu, 6 Oktoba
Tangu nimwoe Dechen na kuhamia kwa mama yake hapa bonde la Bumthang, milimani, watoto wa mke wangu wananiita "wewe". Pelden, mdogo, huniita "yule". Roho inaniuma! Leo nimepata dawa: tosti za jibini na tufaha. Bonde zima limejaa jibini na matufaha, na hakuna baba wa kambo aliyewahi kulifikiria hili? Tumbo likishiba, ulimi hulegea. Wakila tu, nitaitwa Baba.

Jumanne, 7 Oktoba
Nikabandika mkate juu ya jiko la kuni. Nikageuka kumenya tufaha. Moshi! Mama mkwe akaja mbio na ndoo, akauliza kama nimemchoka yeye au nimeichoka nyumba. Mkate nikampa mbwa. Kanusa, kaenda zake. Mbwa!

Jumatano, 8 Oktoba
Jibini laini halionekani. Nikatumia lile kavu la kutafuna safarini. Haliyeyuki ng'o. Nikawaambia watoto watafune hivyo hivyo. Jino la Yangki, dada mtu, likang'oka. La utoto, na lilikuwa likicheza tangu wiki jana, lakini nani atanisikiliza? Alilia hadi majirani wakachungulia. Mama mkwe akasema: "Wakwe wa wenzangu huleta zawadi. Wangu anang'oa meno!" Dechen akacheka hadi akakaa chini. Mke wangu wa ndoa!

Alhamisi, 9 Oktoba
Kumbe jibini laini alilificha mama mkwe! Leo kazipika yeye tosti zangu, akatia na asali. Watoto wamelamba sahani, wamemkumbatia bibi yao. Mimi nimeachiwa maganda ya tufaha. Nimeyala.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimeshindwa. Sikupika kitu. Nilijikunyata tu kando ya jiko, nikitamani kurudi kwetu. Theluji ya kwanza ikaanza kudondoka. Yangki akaja na blanketi, akanisukuma kwa kiwiko: "Baba, sogea bwana, baridi!"

Baba!

Pelden naye akapanda mapajani, akasinzia papo hapo. Miguu imekufa ganzi. Naandika bila kuthubutu kupumua.

Nimetafakari sana. Ni lile jibini kavu, hakuna kingine. Lilichelewa tu kufanya kazi. Kesho alfajiri, kabla mama mkwe hajaamka, nitalijaribu na peasi.